Pipa Lililokaa Kimya Dakika Kumi: Uchambuzi wa Kisa cha Kuzima Chokaa

Chokaa inayotoka tanuuni imebeba moto ndani yake. Ukilishika bonge lake likiwa kavu huoni kitu, lakini moto umo, na siku bonge hilo likikutana na maji utatoka. Kisa hiki ni cha ukarabati wa nyumba ya zamani katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki. Siku moja joto hilo lilitoka kwa nguvu kupita kiasi likamjeruhi kijana. Wiki chache baadaye ikabainika kwamba katika mapipa yaliyofuata joto halikutosha, na lipu ikaharibika. Makosa hayo mawili yanaonekana kama yamepingana, lakini mzizi wao ni mmoja: hakuna aliyepima joto.

Jina la mji, majina ya watu, mwaka na alama za nyumba vimeondolewa. Vipimo vimezungushwa hadi namba za karibu.

Usuli

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, kuta zake za mawe ya matumbawe zenye unene wa zaidi ya nusu mita, dari zake za boriti za mikoko. Miaka ya nyuma kuta za uani zilikuwa zimepigwa lipu ya saruji. Saruji ikafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na lipu ikaanza kubanduka vipande vipande. Uamuzi wa kurudi kwenye chokaa ulikuwa sahihi kabisa, na hakuna sehemu ya uchambuzi huu inayoupinga. Kuta za matumbawe zinahitaji lipu inayopitisha mvuke.

Kazi ilikuwa ya takribani mita 60 za mraba. Chokaa isiyozimwa, yaani ambayo bado haijakutana na maji, ilinunuliwa kwa wauzaji wawili. Shehena ya kwanza ilikuwa mifuko 10 ya kilo 25, iliyokaa stoo ya muuzaji kwa miezi kadhaa katika mifuko ya kufumwa isiyo na nailoni ndani. Nusu yake ilikuwa imeshageuka unga. Shehena ya pili ilikuwa mifuko 14 ya uzito uleule, iliyotoka tanuuni wiki hiyohiyo, ikiwa mabonge ya ukubwa wa ngumi, imefungwa vizuri kwa nailoni. Mtunza stoo aliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila mfuko: tarehe ya kupokelewa na alama ya muuzaji. Tutaona baadaye jambo hilo dogo lilivyosaidia.

Fundi mkuu alikuwa mwashi mwenye uzoefu mrefu wa saruji. Chini yake walikuwapo mafundi wawili na saidia fundi wanne. Msimamizi alifika mara mbili kwa wiki. Masika yalikuwa yanakaribia, na kila mtu alitaka lipu iwe ukutani kabla ya mvua.

Mtiririko wa matukio

Siku ya kwanza walizima mfuko mmoja wa shehena ya kwanza. Walimimina chokaa katika pipa la plastiki la lita 200, wakaongeza lita 50 za maji, wakakoroga. Pipa likapata joto kidogo tu. Mtu aliweza kuweka kiganja upande wa nje bila shida. Fundi mkuu akahitimisha kwamba kipimo cha ndoo mbili na nusu za lita 20 kwa mfuko ni salama.

Siku ya pili, saa moja asubuhi, walifungua shehena ya pili. Mfuko mmoja ukamiminwa katika pipa lilelile likiwa tupu, kisha yakafuata maji lita 40 kutoka kisimani. Hakuna kilichotokea. Mabonge yalikaa chini ya maji kama mawe ya kawaida, yakitoa mapovu machache. Baada ya dakika kama kumi saidia fundi mmoja akasema, "Fundi, chokaa hii imekufa." Jibu likawa, "Basi ongeza mfuko, dogo, na maji kidogo." Ukaongezwa mfuko wa pili na lita 20 za maji. Sasa pipa lilikuwa na kilo 50 za chokaa kwa lita 60 za maji. Juu yake wakaweka kipande cha mbao na tofali, kwa maelezo kwamba chokaa ikifunikwa huiva vizuri.

Dakika chache baadaye pipa likaanza kunguruma. Mbao ikainuka na kuanguka. Kijana aliyekuwa karibu alisogea kuirudisha tofali mahali pake, na hapohapo rojo nyeupe inayochemka ikaruka juu kama mita moja na nusu. Ilimpata mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidoleni, shingo, na jicho moja. Hakuwa na miwani ya kinga. Ubavu wa pipa, upande ambao mabonge yalikuwa yamerundikana, ulilainika ukatuna, kisha ukapasuka karibu na kitako. Rojo ikamwagika uani.

Wenzake walimfuta kwanza kwa kitambaa kibichi. Kisha mmoja akapiga kelele waache kufuta, akamwaga maji safi ya ndoo usoni na mkononi kwa dakika kama tano, wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Huko jicho lilioshwa tena kwa muda mrefu zaidi.

Kazi ilisimama siku tatu. Iliporudi, woga ulikuwa umebadilisha kila kitu. Mifuko 12 iliyobaki ya shehena ya pili ilizimwa kwa njia iliyo kinyume kabisa: mapipa yakajazwa lita 175 za maji baridi, mfuko mzima ukamiminwa kwa mkupuo, watu wakakimbilia mbali. Hakuna aliyekoroga. Mapipa yakapata uvuguvugu tu, na wote wakafurahi. Baada ya siku nne rojo ikapitishwa katika chekeche la mchanga lenye matundu ya milimita 5 hivi, ikachanganywa na mchanga kwa kipimo cha moja kwa tatu, ikapigwa ukutani.

Wiki ya tatu vishimo vikaanza kutokea. Kila kishimo kilikuwa na umbo la koni, upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu, na chini kabisa kina punje nyeupe laini inayovunjika kwa kucha. Mvua za kwanza zilipopiga, vikaongezeka sana. Kufikia mwezi wa tatu, karibu theluthi ya lipu ilikuwa imeharibika kiasi cha kubomolewa.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kumlaumu fundi mkuu, na si haki. Kila uamuzi wake ulikuwa na sababu.

Chokaa iliwekwa kwanza na maji baadaye kwa sababu ndivyo saruji na mchanga vinavyochanganywa: vikavu kwanza, maji mwisho. Pipa la plastiki lilichaguliwa kwa kuwa pipa la chuma lingeacha kutu kwenye rojo nyeupe. Kipimo cha maji kilitoka kwenye jaribio la siku ya kwanza, na kutumia matokeo ya jana kupanga kazi ya leo ni tabia njema. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mifuko miwili yenye jina moja ina kitu kimoja ndani.

Kuongeza mfuko wa pili ndilo kosa lililoleta ajali. Lilitokana na kusoma ukimya kama dalili ya chokaa dhaifu, kumbe ulikuwa mwanzo wa mmenyuko wenye nguvu. Tutaueleza ukimya huo kwa kina, maana ndio moyo wa kisa.

Kuizamisha mifuko 12 katika maji mengi kulitokana na huruma. Msimamizi hakutaka mtu mwingine aungue. Lakini hakuna aliyejiuliza kama joto lenyewe lina kazi ndani ya pipa.

Hesabu ya joto

Maisha ya chokaa yana mimenyuko mitatu, na kila mmoja una hesabu yake ya nishati. CaCO₃ ni kaboneti, yaani jiwe lenyewe; CaO ni chokaa isiyozimwa; Ca(OH)₂ ni haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa. Moli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu. Alama ya kujumlisha maana yake joto linaingia, na alama ya kutoa maana yake joto linatoka.

Tanuuni: CaCO₃ → CaO + CO₂, nishati +178 kilojuli kwa moli.
Kwenye pipa: CaO + H₂O → Ca(OH)₂, nishati −65 kilojuli kwa moli.
Ukutani: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O, nishati −113 kilojuli kwa moli.

Jumlisha mistari hiyo mitatu: 178 kutoa 65 kutoa 113 ni sifuri. Jiwe limerudi kuwa jiwe, na nishati yote iliyoingizwa na kuni imerudishwa. Mwanafunzi anayesoma sheria ya Hess darasani, ile isemayo kwamba jumla ya nishati haitegemei njia iliyopitwa, huifanya kwa vishale ubaoni. Hapa ipo kwenye ukuta wa nyumba. Kinachotofautisha hatua mbili za mwisho ni muda. Zile 113 hutoka kwa miezi na miaka, polepole kiasi kwamba ukuta haupati hata uvuguvugu. Zile 65 zinaweza kutoka kwa dakika chache.

Moli moja ya CaO ina gramu 56, kwa hiyo kilo moja ya chokaa safi isiyozimwa hutoa takribani kilojuli 1,160 ikizimwa. Ili kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 28 hadi 100 unahitaji kilojuli 300 hivi. Maana yake kilo moja ya chokaa safi na mbichi ina joto la kuchemsha karibu lita nne za maji. Namba hiyo moja ingetosha kuzuia ajali.

Sasa tuingie kwenye pipa la siku ya pili. Chokaa ya shehena ile, kama kipimo cha baadaye kilivyoonyesha, ilikuwa na takribani asilimia 90 ya CaO hai, yaani ambayo bado haijazimwa. Katika kilo 50 zipo kilo 45, ambazo zinaweza kutoa megajuli 52. Hilo ni joto la kilo moja na robo tatu ya mkaa, limefungiwa kwenye pipa la plastiki. Kati ya lita 60 za maji, lita 14 na nusu zinaingia kwenye mmenyuko wenyewe na kuwa sehemu ya haidroksaidi. Zilizobaki, pamoja na haidroksaidi na uchafu, zinahitaji megajuli 19 kufika nyuzi 100. Zinabaki megajuli 33 ambazo haziwezi kupandisha joto la maji zaidi, kwa sababu yameshachemka. Kazi yake inakuwa moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke. Kila kilo ya maji hula megajuli 2.26 kuwa mvuke, hivyo nishati hiyo inatosha kilo 14 hadi 15 za maji, na kila kilo inakuwa mita za ujazo 1.7 za mvuke. Kwa hesabu ya juu kabisa tunazungumzia lita 25,000 za mvuke kutoka chini ya mbao na tofali.

Na pale mabonge yaliporundikana bila maji ya kutosha kuyazunguka, hapakuwa na maji ya kushikilia joto kwenye nyuzi 100. Katikati ya rundo la chokaa inayojizima ikiwa nusu kavu joto linaweza kupanda mamia ya nyuzi, na ndiyo maana chokaa iliyolowana imewahi kuwasha mbao na magunia. Pipa la kawaida la plastiki huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na hulainika kabla ya hapo. Ubavu ulituna mahali uliporundikiwa mabonge, wala si penginepo.

Linganisha na siku ya kwanza. Chokaa ile kuukuu ilikuwa na takribani asilimia 20 tu ya CaO hai. Mfuko mmoja ungetoa chini ya megajuli 6, za kupandisha lita 50 za maji kwa nyuzi 25 hivi. Ndiyo maana pipa lilishikika. Chokaa ile haikuwa "pole". Moto wake ulikuwa umeshatoka kidogo kidogo stoo, ikinyonya unyevu wa hewa ya pwani kupitia mifuko ya kufumwa. Na kwa ile lita 50 kwa kilo 25, mfuko mbichi wa shehena ya pili nao ungechemka na kutoa mvuke wa kilo nne na zaidi. Kipimo kilichoonekana salama hakikuwa salama hata kabla ya kuongezwa mfuko.

Kwa nini pipa lilikaa kimya

Mmenyuko wa chokaa na maji hautoi joto lote papo hapo. Una mwendo, na mwendo huo unategemea mambo matatu: ukubwa wa bonge, joto la maji, na jinsi jiwe lilivyochomwa.

Bonge la ukubwa wa ngumi lina uso mdogo ukilinganisha na uzito wake. Maji ya kisima asubuhi ni ya baridi. Kwa hiyo mwanzoni joto linalotoka ni dogo, na maji yanalimeza. Wakati huohuo maji yanapenya kwenye vitundu vya bonge. Ndani, kila CaO inayogeuka Ca(OH)₂ inakaribia kuongezeka maradufu kwa ujazo. Bonge linapasuka, nyuso mpya zinafunguka, zinakutana na maji, zinatoa joto zaidi. Maji sasa ni ya moto, na mmenyuko katika maji ya moto hukimbia zaidi. Unaokimbia zaidi hutoa joto zaidi. Mzunguko huo unajilisha wenyewe hadi maji yachemke. Ndiyo tabia ya mimenyuko inayotoa joto ikiwa mahali pasipopoa upesi: dakika kumi za kwanza hazikuambii chochote kuhusu dakika ya kumi na tano.

Mfuko wa pili uliingia wakati wa kwanza ulikuwa tayari unapanda. Kama mtu angetumbukiza kipimajoto mle ndani dakika ya nane, tuna hakika angeona maji yameshaacha nyuzi 28. Jicho halioni nyuzi 45. Mapovu machache yale yalikuwa hewa ikitoka kwenye vitundu maji yakiingia, yaani dalili kwamba kazi imeanza.

Joto lilipokosekana

Sehemu hii huachwa watu wanapozungumzia usalama wa chokaa, na inastahili kusemwa kwa uzito uleule.

Katika shehena ya pili hayakuwa mabonge yote sawa. Jiwe la matumbawe linahitaji takribani nyuzi 900 kuachia CO₂. Katika tanuu la wazi la kuni, yaliyo karibu na kiini cha moto hupita hapo kwa mbali. Jiwe likikaa kwenye nyuzi 1,100 na zaidi, chembe zake hujibana, vitundu hufunga, na maji hayapenyi kwa urahisi. Chokaa hiyo iliyoungua haijafa. Nishati yake ya −65 iko palepale, ila mlango wake ni mwembamba. Inahitaji maji ya moto, kukorogwa na muda mrefu ili ifunguke.

Mapipa ya lita 175 yaliinyima vyote vitatu. Maji mengi ya baridi yalimeza joto la mabonge mazuri kabla halijafika kwenye mabonge magumu. Bila kukorogwa, kila bonge gumu lilijivika ganda la haidroksaidi laini lililozuia maji mapya. Siku nne hazikutosha. Chekeche la milimita 5 likapitisha punje zote ndogo kuliko hapo.

Punje hizo zikaingia ukutani zikiwa bado CaO kwa ndani. Huko zikaendelea na kazi iliyokatizwa kwenye pipa: zikanyonya unyevu, zikavimba karibu maradufu, zikasukuma lipu iliyoshaanza kuwa ngumu. Mvua ilipoleta maji zaidi, zikaharakisha. Kila kishimo kina punje nyeupe chini yake kwa sababu hiyo.

Desturi ya zamani ya pwani, ya kuiacha chokaa ya tanuu nje ilowe mvua kwa miezi kabla ya kuitumia, ilikuwa inatibu tatizo hilihili kwa muda badala ya joto. Wazee hawakuwa na haraka ya masika.

Kilichofanyika vizuri

Kazi ilifanyika uani, mahali pa wazi. Ndani ya chumba mvuke ule wenye vumbi la chokaa ungeumiza wengi. Maji safi yalikuwapo karibu. Na maandishi ya mtunza stoo yaliwezesha mwalimu wa kemia wa shule ya jirani kupima kila shehena peke yake baadaye, kwa vifaa vya kawaida: mizani ya jikoni, bakuli la chuma cha pua lililozungushiwa matambara ndani ya kikapu, na kipimajoto cha hadi nyuzi 110.

Alitumia gramu 250 za chokaa iliyopondwa kwa lita moja ya maji, akakoroga, akaandika joto kila dakika. Kwa chokaa safi, hesabu inatabiri mpando wa nyuzi 68. Shehena ya kwanza ilipanda 13 tu. Mabonge mazuri ya shehena ya pili yalipanda 61 ndani ya dakika saba. Mabonge mazito ya shehena hiyohiyo, yenye rangi ya kijivu, yalipanda nyuzi tano kwa dakika kumi za kwanza, na yalichukua zaidi ya nusu saa kufika mpando wa 40. Hapo kisa kizima kiliwekwa wazi kwenye karatasi moja. Chokaa ya shehena ya kwanza ilipotiwa siki ilitoa povu jingi, ishara kwamba sehemu yake ilikuwa imeshanyonya CO₂ na kurudi kuwa kaboneti. Hiyo haishiki tena mchanga, na ilitengwa.

Huduma ya kwanza ilikuwa nusu sawa. Kufuta kwa kitambaa kibichi kulisugua rojo kwenye ngozi. Chokaa kavu ikimwagika mwilini, pangusa kwanza unga wote kwa kitu kikavu, kwa sababu ukiulowesha ukiwa mwingi unauanzishia mmenyuko juu ya ngozi. Rojo iliyoshalowana inataka maji mengi yanayotiririka, mara moja. Jichoni, fungua kope kwa vidole na uoshe dakika 20 hadi 30 bila kuacha, na uendelee kuosha njiani kwenda hospitali. Dakika tano ni chache mno, kwa kuwa haidroksaidi huendelea kupenya ndani ya tishu. Wala usitie siki au ndimu ukidhani unaizimua: mmenyuko wa asidi na besi nao hutoa joto, kilojuli 57 hivi kwa kila moli ya maji inayoundwa kwa asidi kali, na joto ndilo adui hapo. Kijana alipona. Jicho lilirudi baada ya wiki kadhaa za matibabu, mkono umebaki na kovu.

Utaratibu uliofuata

Lipu mbovu ilibomolewa, na chokaa mpya ikanunuliwa. Mambo yalipangwa hivi.

Kila mfuko mpya hupimwa kwanza kwa bakuli. Chombo kiwe cha chuma cha pua au cha enameli. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na chokaa hula alumini na kutoa haidrojeni. Mpando ukiwa chini ya nyuzi 40, mfuko unarudi kwa muuzaji. Ukipanda upesi, unazimwa kwa maji ya kawaida. Ukipanda polepole, unazimwa peke yake kwa maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, na mabonge yapondwe kufikia ukubwa wa yai la kuku.

Kuzima kunafanywa katika pipa la chuma lililokatwa nusu kwa urefu wake, mdomo mpana, bila kifuniko. Kutu kidogo si tatizo. Rojo ya juu huchotwa bila kukwangua ukuta wa pipa. Maji huingia kwanza, lita 60. Chokaa huingia kwa kilo tatu tatu, hadi kilo 15, na hakuna kilo tatu nyingine kabla kipimajoto hakijaonyesha kwamba zile za kwanza zimepanda na kutulia. Kwa chokaa ya asilimia 90 hesabu inapeleka pipa hilo karibu na nyuzi 89. Kwa joto linalopotea hewani, husimama kati ya 75 na 85. Hapo ndipo tunapotaka: moto wa kutosha kupasua mabonge magumu, na pungufu ya kuchemka. Likivuka 90 na bado linapanda, lita 10 za maji zilizowekwa kando huongezwa mara moja huku mtu akikoroga. Hazimwagwi juu ya bonge lililo wazi na kavu, maana mahali hapo ni pa moto kuliko rojo nzima.

Anayekoroga hutumia jembe lenye mpini wa mita mbili, amevaa miwani iliyoziba pembeni, glovu ndefu za mpira na shati la mikono mirefu. Ndoo mbili za maji safi hukaa hatua tatu kutoka kwake, na hazitumiwi kwa kazi nyingine yoyote.

Joto likishuka chini ya nyuzi 50, rojo hupitishwa kwenye wavu wa milimita 2. Yanayobaki juu ya wavu hurudishwa kwenye pipa linalofuata mara moja tu. Yakibaki tena, yanatupwa shimoni. Rojo hulazwa chini ya maji ya kimo cha kiganja kwa miezi mitatu kabla ya kugusa ukuta. Msimamizi alilalamika kwamba miezi hiyo inaivusha kazi hadi baada ya masika. Ni kweli, na ukuta ulifunikwa kwa turubai hadi mvua zikaisha.

Pipa la kwanza kwa utaratibu huu lilifika nyuzi 81 dakika ya ishirini na mbili. Kijana yuleyule ndiye aliyeshika kipimajoto, na yeye ndiye aliyesema lini mfuko uendelee kumiminwa.